Bibi Harusi wa Mgomo

Juzi niliwaona wafanyakazi wa hoteli moja hapa Malindi wamegoma langoni, wakipunga matawi ya mwarobaini. Nikamkumbuka mama, aliyekuwa akifua mashuka hotelini. Alasiri moja alinipitia shuleni, nguo zake zikinukia sabuni, akanipeleka kwenye kundi kama lile. Kwa nyimbo na vigelegele vile, nilidhani ni harusi.

"Bibi harusi yuko wapi?" nikauliza.

Mama alicheka, akanionyesha Mwanajuma, mwenzake aliyefutwa kazi kwa kuwa mjamzito.

"Ni huyu. Hatuingii ndani mpaka naye aingie."

Jioni lango lilifunguliwa, Mwanajuma akatangulia.

Sasa nami niko likizo ya uzazi, kazi yangu ikiningoja. Nilimpigia mama simu kumshukuru kwa siku ile.

"Ipi, mwanangu?" akauliza. "Mbona tuligoma mara nyingi!"