Siku Mgeni Alipoziba Dirisha

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa sakafuni, kijiji cha Misiera katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, juu ya vitenge ambavyo nilipaswa kuviuza. Nasema mapema, maana watu hupenda kuniuliza kwa nini sikwenda kituo cha afya. Mpango ulikuwa kwenda. Lakini uchungu ulinishika asubuhi nikichambua maharage, mvua ilikuwa imegeuza njia yote kuwa tope, na bodaboda alipofika, mama mkwe alikuwa ameshakata kitovu kwa wembe mpya alioununua kimyakimya wiki mbili kabla. Mwanamke yule alikuwa na mipango yake.

Ndiye aliyenirudisha Nakivale. Mimba ilipotimiza miezi minane alituma ujumbe kwamba mjukuu wake hatazaliwa kwenye chumba cha kupanga Nyamityobora, kule Mbarara, ambako mume wangu alikuwa akishona nguo na mimi nikitembeza vitenge. Nikafunga mizigo nikinung'unika. Siku ya kujifungua ilipofika, mikono yake ilikuwa imetulia kama ya mtu anayekunja nguo, nami nikanyamaza.

Muuguzi alikuja kesho yake, akatupima, akasema tuko salama, binti awekwe kwenye titi mara kwa mara. Kama hadi jioni ya siku ya tatu hajameza vizuri, twende naye hospitali Mbarara.

Basi hapo ndipo taabu ilipoanza. Mwili wangu wote ulihudumiwa. Asubuhi mama mkwe alinikanda kwa maji ya moto hadi nikamtukana kimoyomoyo, akanifunga tumbo kwa kitenge, akanilisha uji, kisha bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, kisha uji tena. Kila kitu kiliingia, na hakuna kilichotoka. Mtoto alivuta, akaachia, akalia. Siku ya tatu sauti yake ilikuwa imepungua, na hilo lilinitisha kuliko kilio chenyewe.

"Maziba itakuya," mama mkwe alisema bila kuniangalia. Kwetu Kivu ya Kusini, Kongo, maziba ndiyo maziwa, na ziba ni titi. "Isipokuya, tutaenda naye Mbarara mbele jua iingie."

Nilimchukia kwa ile sauti kavu. Niliona ananihesabu kuwa mama asiyefaa.

Mchana huo akaja mgeni, mke wa mwanajeshi kutoka kambi ya jeshi ya Mbarara. Alikuwa mteja wangu wa vitenge kabla hajawa rafiki, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, kifupi, kama amri. Alinikuta nimevimba macho.

"Dada, asante kuzaa," akasema, maana kwao mzazi hushukuriwa. Akampakata mtoto.

Mama mkwe alikuwa nje kwenye moto, anachemsha maji ya kunikanda kifua. Akasikia mtoto analia mikononi mwa mgeni badala ya mikononi mwangu, akapaza sauti, akimwita mgeni kwa basoda, yaani wanajeshi: "Mama wa basoda, uyu mutoto anachoka. Ziba. Ziba kwanza, tutaongea nyuma."

Mgeni hakusita. Alinirudishia mtoto, akasimama, akafunga dirisha. Akachomeka shali yake kwenye ufa wa ukuta. Akapanda kwenye kigoda, akasokomeza vitenge vyangu viwili vipya chini ya mabati, kisha akapiga magoti akaziba hata upenyo wa chini ya mlango kwa gunia. Mimi nilimwangalia tu, sikuelewa. Nilidhani labda ni dawa ya kwao.

Mama mkwe akasukuma mlango, gunia likakataa. Akasukuma tena, akaingia na sufuria, akasimama gizani.

"Nani amefunga fasi yote hivi?"

"Wewe, mama," mgeni akajibu kwa heshima. "Umesema ziba. Mimi naziba. Upepo iko mbaya kwa mtoto."

Halafu nikaelewa, na nikacheka. Nilicheka tumbo lililofungwa likauma, nikamwomba Mungu anisamehe, nikacheka tena. Nilijaribu kumweleza mgeni nikishika titi langu, "Ziba ni hii, dada, ni hii," naye akashika kichwa, akaketi chini, akacheka kunishinda. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa sijacheka tangu uchungu uanze.

Nikiwa katikati ya kicheko nikahisi kama sindano nyingi kifuani. Kitenge kikalowa. Mama mkwe aliona kabla yangu. Aliweka sufuria chini, akashika kichwa cha mtoto kwa kiganja, akamweka kwenye titi. Mtoto akavuta, akatulia, na katika chumba kile kilichozibwa kila upande tukasikia koo lake dogo: moja, tena, tena.

Nilinyanyua uso nimwoneshe mama mkwe kwamba mimi ni mama kama wengine. Nikamkuta anatetemeka mikono yote miwili, machozi yanamchuruzika hadi shingoni.

"Wa kwanza wangu hakumezaka," akasema. "Tulikuwa mu njia, tunakimbia. Siku ya tatu."

Nilikuwa nimeolewa miaka minne, na sikujua kwamba kabla ya mume wangu kulikuwa na mtoto mwingine. Nikasogea kwenye godoro. Mama mkwe akaketi ubavuni mwangu, akainamisha sikio karibu na mtoto, na hakutaka dirisha lifunguliwe hadi binti alipomaliza kunyonya.