Ngitili ya Mzee Mahona

Josia Mahona wa Shishiyu alikuwa na mdomo, na mdomo huo ndio uliomponza. Baba yake alipofariki alimwachia ng'ombe, mashamba na ngitili, lile eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua, mfugo usiliguse mpaka kiangazi kikaze na nyasi za kwingine ziishe. Mzee Mahona aliitunza ngitili yake kama mboni ya jicho. Josia hakumaliza nayo hata mwaka. Aliita trekta, akang'oa migunga, akalima yote na kupanda pamba.

Laiti angelima akanyamaza! Jirani yake Lukresia, mjane wa umri wa mama yake, aliendelea kufunga ngitili yake nyuma ya uzio wa minyaa, na Josia akamfanya kichekesho cha kilabuni.

"Yule mama anafuga nyoka," alisema. "Watu wanalima, yeye analinda majani!"

Watu walicheka. Pamba ilikuwa imestawi na nyumba ya Josia ilikuwa na bati jipya, nani angembishia?

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hawakusema litavunjika lini. La Josia lilingoja mpaka mwaka huu, mvua za vuli zilipogoma. Ng'ombe walimaliza mabua, wakamaliza miti ya pamba, wakabaki kulamba vumbi. Kila asubuhi Josia na mkewe Joyness waliingia zizini kuwainua kwa mkia wale walioshindwa kusimama. Mfugaji yeyote anajua: ng'ombe wa kuinuliwa kwa mkia leo, keshokutwa ni ngozi.

"Nenda kwa mayu Lukresia," Joyness alimwambia.

"Kwa uso gani?"

"Huo huo uliokuwa unachekea."

Akaenda. Njia nzima alipanga maneno ya kuomba radhi, na kila alipoyapanga aliona aibu upya. Alimkuta mama yule anapepeta mtama uani. Akainama, akamwamkia Kisukuma kama mama yake.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Mbona umechelewa hivyo? Nilidhani utakuja tangu mwezi uliopita. Kalete ng'ombe, waingie."

"Mayu, yale maneno yangu ya kilabuni..."

"Ng'ombe hawali maneno. Kawalete."

Akawaleta, wakiyumba. Lukresia mwenyewe alivuta matawi ya miiba yaliyoziba mlango wa ngitili, na ng'ombe wakazama kwenye nyasi ndefu, wasile kwa pupa wala kupigana, wamechoka mno. Josia alisimama pembeni, hajui mikono yake aiweke wapi.

"Wabeja, baba," Lukresia akamwambia.

Josia alidhani anadhihakiwa. "Unanishukuru mimi?"

"Mwaka ule wa njaa, ng'ombe wa kwetu walikuwa wanakufa. Baba yako akatuita kwenye ngitili yake. Wewe ndiye uliyetuvutia miiba pale mlangoni, kadogo hivi."

Hapo Josia akakumbuka, na heri asingekumbuka. Hakuivuta kwa hiari. Alilia, akagaagaa chini, akapiga kelele kwamba nyasi ni za ndama wao, wageni waende zao. Baba yake alimwinua, akamshika mikono, wakaivuta miiba pamoja.

"Mayu, mimi nilikuwa nawakatalia," alisema.

"Nani asiyejua? Ulilia mpaka kamasi!" Mama yule akacheka, bila kinyongo. "Mume wangu aliona haya, akataka turudi. Baba yako akamwambia, 'Mwache alie. Tukishakufa sisi, huyu ndiye atakayewafungulia wengine.'"

Aliyasema kama sifa. Josia akageuka kutazama ng'ambo, palipokuwa na ngitili ya baba yake. Udongo mtupu, matuta ya pamba na upepo. Alitaka kusema asante, akakuta mtu wa kuambiwa yumo kaburini tangu zamani, na hajawahi kumwambia.