Honi ya eropleni na nyaya za Hale

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, wale ndege kwelea walitumalizia mtama huku Handeni, ikaletwa eropleni ya kutafuta vichaka wanakolala. Nikachaguliwa mimi kuvionyesha, maana nimechunga ng'ombe huko. Shule sikuenda sana, lakini hilo tuliache. Mbele walikaa rubani mzee na msaidizi wake kijana, mimi nyuma yao.

Tulipaa kutoka kiwanja cha shamba la mkonge karibu na Hale. Tukiwa bado chini chini, honi ikalia humo ndani. Kijana alishaniambia kwamba hulia yenyewe, eropleni ikienda polepole mno ikataka kuanguka. Mzee akakodolea macho mishale ya vipimo vyake. Kijana akaona nyaya za umeme mbele yetu, akasema, "Mzee, nyaya zile." Mzee akanyanyua mkono kumnyamazisha. Naye akanyamaza, kama tulivyolelewa sote.

Mimi nikampiga mzee begani, kama mtu anavyompiga fahali, nikamwonyesha kwa kidole. Akaisukuma eropleni chini, tukapita chini ya nyaya. Kwa kushuka ikapata mwendo, honi ikakoma.

Tulipotua, kijana alisema, "Nilikuwa nakwambia, mzee."

"Nilikuwa nasikiliza honi."

"Na mimi ungenisikiliza saa ngapi?"

Mzee akanigeukia mimi. "Kesho kaa nyuma yangu tena, mchunga ng'ombe. Wewe unajua kupiga."

Mafundi wa eropleni waliokuja kutupokea wakacheka. Kijana hakucheka, wala mimi, maana kesho tungepanda tena watu walewale, na honi ileile.