Kambare wa Ukingoni

Mume wangu ni kinyozi, na mtaani wanamwita Kambare. Wanamkejeli tu. Tangu ajiandikishe kujifunza kuogelea kwenye bwawa la shule ya jirani, kila Jumamosi anapita barabarani na taulo begani, miwani ya majini juu ya paji la uso, utadhani anatoka kuchukua kombe. Inyeshe mvua, liwake jua, hakosi.

Sababu ya kwenda huko naijua mimi. Nyumba yetu iko bondeni. Mwaka juzi mto ulipofurika, maji yaliingia kwa mlango wa nyuma, kwenye chumba ninachoshonea nguo, yakanifika kifuani kabla sijajua nishike nini. Mume wangu alikuwa sebuleni, ameng'ang'ania nondo za dirisha. Tulikuwa tunaonana. Nilimwita, naye akaniita, lakini mikono yake ilikataa kuachia. Aliyenitoa ni fundi bomba wa nyumba ya pili. Jambo hilo hatukulizungumza. Tulianika magodoro, maisha yakaendelea, yeye akaenda kununua miwani.

Mwaka huu mawingu yameanza kujikusanya mapema. Nikisikia tone moja tu juu ya bati, moyo unanienda mbio, sindano inanichoma vidole. Asubuhi moja nikiwa katika hali hiyohiyo, bwana mkubwa akaanza kujisifu.

"Kocha anasema mateke yangu yamenyooka. Na siku hizi napuliza mapovu hata sikohoi."

"Hongera kwa mapovu," nikamwambia. "Ukingo umeshauachia?"

"Mambo ni hatua kwa hatua, mama watoto."

Hapo nikapandwa na hasira. "Baba watoto, mimi sitaki kujua umehudhuria mara ngapi. Maji yakiingia leo humu ndani, utanitoa?"

Alichukua mkoba wake wa mashine za kunyolea, akatoka bila kuaga.

Jioni alirudi mpole. Alikuwa amepitia kwa kocha, mama mmoja mwenye mabega mapana na sauti ya kuamrisha, mume wangu akamwambia kwamba hataki tena kuhesabiwa vipindi. Anataka kitu kimoja kabla mvua hazijaanza: anivushe mimi, mkewe, pale penye kina, kutoka ukingo huu mpaka ule. Kocha akamjibu, "Basi mlete. Siwezi kukupima kwa gunia."

Makubwa! Lengo liwe lake, maji yaniingie mimi puani? Mimi ambaye tangu mwaka juzi naoga kwa ndoo, mlango wazi? Nilikataa. Kisha usiku huo ikanyesha kidogo, nikakaa kitandani nimekumbatia magoti. Asubuhi nikasema nitakwenda.

Jumamosi hiyo nilifuatana naye mpaka bwawani. Kocha alinivalisha nguo ya kuogelea ya kuazima, akaingia majini na boya lake, akakaa kando yetu. "Lala chali, mama. Usimshike, mwache akushike yeye." Ni rahisi kusema. Masikio yalipozama sikusikia tena kitu ila moyo wangu mwenyewe. Mkono wa mume wangu ukapita chini ya kidevu changu, na tukaondoka.

Katikati niliona anga tu, na pumzi yake nikaisikia inakata. Tukashuka kidogo. Maji yakanifika mdomoni. Basi, akili zikaniruka, nikageuka nikamkaba shingo kwa nguvu zangu zote, tukazama wote wawili.

Chini kule alianza kuibandua mikono yangu, kidole kimoja kimoja. Nikajua ananiacha. Nawaambia, sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya mafuriko, kwa sababu siku ile nilikuwa bado na matumaini naye.

Kisha mkono ukarudi chini ya kidevu. Nikaibuka, nakohoa, yeye nyuma yangu anapiga mateke ya ajabu ajabu, hayajanyooka hata kidogo. Kocha ameshanyoosha boya. "Liondoe!" mume wangu akamfokea, yeye ambaye hajawahi kumfokea mtu. Akanivuta mpaka kichwa changu kikagonga ukuta.

Tulikaa pale pembeni tumelowa, mimi nalia bila aibu. Yeye alitapika maji, akajifuta mdomo. Nilidhani sasa ataanza kujisifu.

"Tumevuka na nguo za kuogelea," akasema. "Mto hautakukuta umevaa hivi. Mke wangu, kavae gauni lako, turudie."

Nikamwangalia macho yake mekundu. Woga ulikuwa haujaniisha, tena ulikuwa umezidi. Nikaenda nikavaa gauni langu, nikarudi, nikaingia majini.