Siku Tulipoamriwa Kuchagua

Barua ya nyumba mama, makao makuu ya shirika letu la masista, ilifika Chanika mwezi wa joto kali, ule ambao hata kuku wa jirani walikuwa wanakuja kulala chini ya tangi letu la maji. Mkuu wa jumuiya yetu, ambaye tulimwita Mama ingawa ni wa umri wa dada yangu wa kwanza, alitusomea mezani baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba kwa sababu ya joto la pwani na mazingira ya kazi, kila sista anayeishi Dar es Salaam ana ruhusa ya kuchagua mwenyewe: kuvaa shela kichwani kama zamani, au kuiacha na kubaki na gauni la kijivu na msalaba shingoni.

Tulikuwa wanane. Tuliangaliana kama watu walioletewa mgeni bila kuambiwa atalala wapi. Kutii tunakujua. Ukituambia tulale, tunalala. Ukituambia tufurahi sikukuu ya mtakatifu somo wa shirika, tunafurahi mpaka mashavu yanauma. Kuchagua hatukufundishwa. Katika miaka yangu yote ya malezi hakuna aliyeniuliza kama napenda chai ya maziwa au ya rangi.

Mama naye alilelewa hivyohivyo. Aliikunja barua akasema, "Basi, mtachagua. Na tutachagua kitu kimoja, sote, kwa utii."

Sista mmoja akauliza Mama anapendelea kipi, ili tuweze kuchagua kwa uhuru. Hakuna aliyecheka. Na mimi sikucheka, maana nilikuwa nalisubiri jibu hilohilo.

Mtu pekee aliyejua anachotaka alikuwa sista wetu mzee, aliyepita miaka sabini, mwalimu wa chekechea yetu tangu wakati Chanika ilipokuwa mashamba matupu. Masikio yake yalikuwa yamechoka. Hospitali walimpa kifaa cha kusikilizia, lakini kitambaa cha shela kilikuwa kinakisugua na kukifanya kipige mluzi, na watoto wakawa wanatafuta ndege darasani. Akikizima, hasikii kitu. Mtoto anamwambia, "Sista, tumbo linauma," naye anamjibu, "Vizuri sana, kaa chini." Mama alikuwa ameshamwambia kwamba mwisho wa mwaka, kama hasikii, atapelekwa kwenye nyumba ya masista wazee huko bara. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi bila kuhitaji shahada ya teolojia: akivua shela, anasikia, akisikia, anabaki na watoto wake.

Alinifuata chumba cha cherehani, maana mimi ndiye niliyekuwa nashona shela za nyumba nzima.

"Mwanangu, sitafuti urembo," akaniambia. "Kichwa chenyewe kina nywele za kuhesabika. Nataka kuwasikia watoto. Wakituambia tuandike, na wewe andika kuvua. Nikiwa peke yangu wataniita mbishi. Tukiwa wawili watatusikiliza."

Nikamjibu kwa sauti ya juu, nikitikisa na kichwa ili aelewe: "Nitaandika, Sista."

Mtu angedhani wadogo ndio wangekimbilia kuvua. Thubutu. Aliyekuwa ametoka kuweka nadhiri mwaka uleule alikaribia kulia. "Sie tuliitwa na hili vazi, jamani," akasema. "Nikipita Chamazi bila shela, nani atajua mie sista?" Simu yake ilikuwa imejaa picha zake na shela, ubavu huu na ubavu ule, kwa utukufu wa Mungu. Mwingine, aliyekuwa anahudumia wagonjwa Manzese, alisema akipita kwenye gereji kichwa wazi mafundi watamwita mrembo. Alilisema mara tatu siku ile, na sikuona kama lilimuudhi sana.

Katikati ya wiki nilienda kununua kitambaa kwa mama mmoja wa Kihindi, Mshia, anayetuuzia siku zote. Naye hufunika kichwa, na maduka mawili anayaendesha mwenyewe. Nilimsimulia yote, pamoja na siku tatu za sala ambazo Mama alituagiza kabla ya kuchagua.

"Sista, hebu nielewe," akasema. "Ruhusa mmepewa. Sasa mnasubiri ruhusa ya kuitumia?"

Nikamwambia mambo ya kitawa ni mazito. Akanipimia kitambaa changu.

Siku ya nne tulipewa vikaratasi. Nilianza kuandika. Nilikuwa nimefika katikati ya neno kuvua nilipokumbuka kwamba maombi yangu ya kwenda chuo cha ualimu yalikuwa mezani kwa Mama, yakisubiri saini. Nikaomba kikaratasi kingine, nikasema kile kimelowa jasho. Joto la Dar lina faida zake.

Mama alivisoma kwa sauti, kimoja baada ya kingine. "Lolote atakalo Mama." "Nitafuata atakalo Mama." "Apendavyo Mama." Sita vilikuwa hivyo, na changu kilikuwa cha tatu. Cha saba kilikuwa chake mwenyewe: "Lolote watakalo masista." Cha nane kilikuwa na mwandiko wa ubaoni, herufi kubwa za kuwafundishia watoto: "Naomba nivue, niwasikie watoto."

"Roho Mtakatifu amesema," Mama akatangaza. "Mmeniachia mimi, na mimi nimewaachia nyie. Kwa hiyo hakuna kinachobadilika."

Sista mzee alikuwa anatazama midomo yetu. Mmoja wetu alimwinamia akampigia kelele sikioni kwamba shela zinabaki. Akainamisha kichwa akasema, "Natii."

Ukumbini alinishika mkono. "Uliandika?" Niligeuza uso ukutani nikagugumia kitu ambacho hata mimi sikukisikia. "Asante, mwanangu," akasema. "Wawili si haba." Niliona aibu. Kisha nikamkasirikia Mama wiki nzima, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi.

Nyumba mama wakataka taarifa. Mwenye mwandiko mzuri ni mimi, basi ni mimi niliyeandika kwamba masista wa Chanika, kwa hiari kamili na kwa kauli moja, wamechagua kudumu katika vazi lao. Tukajibiwa kwa pongezi. Mama akaibandika barua ya pongezi kwenye ubao wa matangazo, juu kidogo ya zamu za jikoni.

Mwezi wa kumi na mbili sista mzee alipelekwa bara na sanduku moja. Maombi yangu yalitiwa saini. Nikaanza chuo cha jioni, na asubuhi nikapewa darasa lake.

Pasaka nilimpigia simu, nikajiandaa kupiga kelele. Nilipofungua mdomo tu akanizuia. "Usinipigie kelele, nakusikia vizuri sana." Huko kuna baridi ya kutetemesha meno, lakini mkuu wa nyumba alikuwa mwanafunzi wake zamani, na siku ya kwanza tu alimwambia, "Vua, Sista, nani anakuona hapa?" Basi anakaa kichwa wazi. Anasikia mpaka mvua ikianzia bonde la pili.

"Nikuulize," akasema. "Siku ile Mama alipokuwa anasoma, sikusikia hesabu. Tulikuwa wangapi?"

Nilijaribu kugugumia kama siku ile. Akangoja. Nikajua kwamba nikigugumia atasikia ninavyogugumia.

"Ulikuwa peke yako, Sista."

"Nimesikia," akasema. Kisha akaniuliza kama watoto hawajambo.