Spika za Baba na Fundi wa Asubuhi ya Umuganda

Kama unataka kucheka, cheka sasa uimalize, kwa sababu nikishaanza sipendi kukatizwa. Sikuota, sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuonja. Ilitokea hapa hapa Kigali, nyumbani kwangu Batsinda, mchana kweupe, na nusura nimpoteze mtoto wangu.

Mimi ni wa Tabora. Kazi ndiyo iliyonileta huku, ndoa ikanibakiza. Mume wangu, Baba Keza, ni Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, kwa hiyo nyumbani tunaongea Kiswahili. Nilipoolewa, baba yangu alinipa spika zake mbili kubwa, maboksi ya mninga mtupu, zile alizokuwa akifuta vumbi kila Jumapili kabla hata ya kunywa chai. Haukupita muda akafariki. Unaelewa sasa kwa nini sikutaka kusikia habari ya kuzitupa?

Lakini zilikuwa zimechoka, siwezi kudanganya. Ule mpira laini unaozunguka koni ulikuwa unamomonyoka kama mkate wa juzi. Besi inatetemeka, waimbaji wote wanasikika kama wana mafua. Baba Keza akasema tununue mpya, kale kaspika kadogo ka kuunganisha na simu, kanakaa juu ya friji, mambo yanaisha. Mimi nikasema zitengenezwe. Tulibishana mpaka tukanuniana, ikawa tunatumiana mtoto: mwambie baba yako chakula tayari, mwambie mama yako sina njaa.

Mwisho nikaenda Biryogo kwa Mzee Saidi, fundi wa redio anayeheshimika mtaa mzima. Akaja nyumbani, akazikagua, akaniambia ukweli. Sumaku nzima, koili nzima, na maboksi kama yale hata maseremala wa Gisozi hawapati tena mbao zake. Kununua mpya ni ujinga. Atabadilisha mipira tu, ila inatoka Kampala, kwa hiyo nisubiri. Nisubiri! Mimi na kusubiri ni mbingu na ardhi.

Ikafika Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi ya umuganda. Anayeijua Kigali anajua: maduka yamefungwa, magari hakuna, kila mtaa watu wako nje na majembe na mafyekeo wanafanya kazi ya pamoja. Baba Keza alitoka mapema, akaondoka na Keza wetu wa miaka sita, anayependa kuona watu wazima wakizibua mitaro. Nikabaki peke yangu nachambua maharage. Mlango ukagongwa.

Alikuwa mwanaume wa makamo, shati limepigwa pasi, mkononi kimfuko cha vyuma. Hakusalimia. Nikamuuliza kama ametumwa na Mzee Saidi kwa ajili ya spika. Akasema ametumwa na Mzee Saidi kwa ajili ya spika. Basi, nikamfungulia! Sasa niambie wewe, fundi gani anazunguka na kazi asubuhi ya umuganda, wakati hata muuza maziwa hapiti? Sikujiuliza. Furaha ya kutosubiri ilinipofusha.

Sauti yake ndiyo iliyoanza kunikera. Alikuwa mbele yangu, lakini ilisikika kama ya mtu wa chumba cha pili. Alipoingia alikuwa na Kiswahili cha hapa, spika iko wapi, waya iko wapi. Kadiri nilivyoongea naye, na unajua mimi huwa naongea, akaanza kutamka kama watu wa kwetu. Nikadhani labda aliwahi kuishi Tabora. Nilitaka hata kumuuliza mtaa gani.

Akachomoa nyaya kwenye redio, akagusisha betri ndogo kwenye spika, koni ikajitokeza na kurudi ndani. Hilo hata Mzee Saidi hulifanya. Halafu akaunganisha spika moja na ya pili kwa waya, bila umeme wowote.

"Spika ni sikio pia, dada," akasema. "Sema hapa, tusikie kule."

Nikasema moja, mbili, tatu. Akatikisa kichwa. Akataka niite mtu. Nikaita Keza, kivivu tu, kwa aibu. Akatikisa kichwa tena.

"Mwite kama unavyomwita akiwa barabarani na gari linakuja."

Mungu anisamehe, nikamwita. Nimepiga magoti sebuleni kwangu, mdomo umegusa kitambaa cha spika, nikamwita mwanangu kwa moyo wangu wote. Spika ya pili ikalirudisha jina lile safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Nilipoinua kichwa yule bwana alikuwa mlangoni, mfuko kwapani, hadai chochote. Akaniaga, akanitakia siku njema. Amini nakwambia, aliniaga kwa sauti yangu mimi.

Ningefanya nini? Nilijiambia ni masikio yangu tu yamenidanganya. Baba Keza aliporudi tukarudisha nyaya kwenye redio, tukawasha muziki, spika zikalia kama siku ya kwanza zilipotoka dukani. Akacheka, akakiri nilikuwa sahihi, na ule mnuno wetu ukaisha. Sikumsimulia siku ile.

Hapa lazima nikueleze kosa langu. Watoto wa mtaani kwetu wakiitwa husema "yee" na kuendelea kucheza. Wangu nilimlea kwa adabu ya kwetu Tabora: unaitwa mara moja, unaitika abee, unakwenda mbio, huulizi unaitiwa nini. Nilikuwa najivunia, majirani wananisifu. Lakini kwetu kuna na fundisho la pili, kwamba usiitikie sauti ambayo mwenyewe humwoni. Hilo nililiona la kizamani, sikumfundisha.

Kesho yake alasiri, umeme ukiwa umekatika, nilikuwa nyuma ya nyumba naanika nguo. Vibanio vinne nimevishika kwa meno. Nikasikia kutoka sebuleni sauti yangu ikimwita Keza. Mimi huyu, mdomo umejaa vibanio! Na nikamsikia mwanangu, mbio mbio kutoka chumbani, akiitika, "Abee, mama!"

Sijui nilifikaje ndani. Keza alikuwa amechuchumaa mbele ya spika ya kushoto, shavu limezama kwenye kile kitambaa mpaka sikio halionekani. Alikuwa anaitikia kwa upole: ndiyo mama, ndiyo, nakuja. Anakuja wapi? Nikamshika mabega kumvuta, akawa mzito kuliko mtu mzima. Nikamwita, na spika ikamwita papo hapo, sauti ile ile. Akageuza macho akanitazama, kisha akaitazama spika, kama mtu anayechagua. Woga ule sitamtakia hata adui.

Ikamwita tena. Nikaona anafungua mdomo. Nikamziba kwa kiganja, nikaitika mimi.

"Abee."

Kukawa kimya. Mtoto akawa mwepesi mikononi mwangu, akaanza kulia, na mimi nikalia naye pale pale sakafuni.

Jumatatu nikamleta Mzee Saidi. Hakumtuma mtu, na mipira ya Kampala ilikuwa haijafika. Akafungua boksi. Mipira ilikuwa ile ile, imeoza, inadondoka yenyewe. Akaniambia, "Mwanangu, hizi hazijaguswa na fundi." Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, na chai yangu hakuinywa.

Sasa hazitengenezeki na hazitupiki. Tukizitupa, mtu ataziokota, na ndani mna sauti yangu inayomwita mwanangu. Tukizichoma, sauti hiyo itakwenda wapi? Ziko stoo, zimegeuzwa ukutani, tumezibana na godoro. Nyumbani hatuitani tena. Ukimtaka mwenzio unamfuata, unamgusa bega. Keza nimemwapisha asiitike mpaka auone uso wangu.

Wiki iliyopita nilikuwa uani. Nikasikia "Mama!" kutoka ndani. Sikuitika. Ikaita tena, nikasimama na beseni mkononi, nimeuma ulimi. Mara ya tatu ilikuwa kilio kitupu. Nilipoingia nilimkuta jikoni, chai ya moto imemmwagikia mkono, ngozi imeanza kubabuka. Nikiwa nammiminia maji baridi akaniuliza, "Mama, ulikuwa hunisikii?"

Nilimsikia. Mara zote tatu nilimsikia.

Kwa hiyo wewe mwenye spika za zamani, tengeneza au nunua mpya, hiyo ni hiari yako na nyumba yako. Ila fundi akikwambia useme kwenye spika, mhesabie moja, mbili, tatu, basi. Jina la mwanao usimpe.