"Tatizo Dogo" la Mama wa Mishamo

Leo nimegundua watu wetu hawawezi kukwambia tatizo ni kubwa. Jamani, hawawezi!

Natengeneza programu ya simu inayowakumbusha wajawazito siku ya kliniki. Ikisumbua, mhudumu wa afya wa kijiji anatutumia meseji na kutaja ukubwa wa tatizo: dogo, la kati au kubwa. Tunaanza na makubwa.

Asubuhi mama mmoja, mhudumu wa kijiji kule Mishamo, kaandika: "Programu inasumbua. Tatizo dogo."

Nikaiweka mwisho kabisa. Mchana ndiyo nikampigia kutoka ofisini kwetu Mpanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za Mpanda?"

"Nzuri. Za huko?"

"Nzuri tu. Watoto wazima, maharage yamekubali. Ila hiyo programu haifunguki wiki nzima."

Wiki nzima!

"Sasa wajawazito wanakumbushwaje?"

"Nachukua baiskeli, napita nyumba kwa nyumba."

"Mama, na hilo ndilo umeandika dogo?"

"Sasa mwanangu, nianze na kubwa hata hatujasalimiana?"

Nikacheka, halafu nikashindwa kuendelea kucheka. Si ndivyo tulivyo? Hata msibani tunaanza na "nzuri".

Nikamwahidi kuanzia leo hatutauliza ukubwa. Tutauliza: "Tatizo hili limekufanya ufanye nini?"

Nataka kukata simu, akaniwahi.

"Na wewe huko, mzima?"

"Mzima tu, mama."



"Mzima, ila?"

Nyie, hajawahi hata kuniona sura. Nikajikuta namweleza yote yanayonisumbua.

Haya, na wewe unayesoma hapa. Mzima, ila?